Zamu ya Nakijwa Msituni

Siku hizi kila mtu, mkubwa kwa mdogo, huruhusiwa kuingia msituni mara moja tu maishani. Namsifu aliitunza zamu yake mpaka binti yake, Nakijwa, alipoweza kutembea vizuri. Mumewe alibaki getini, kwani yeye aliimaliza yake zamani za shule, akikimbizana na wenzake.

Njia ilikuwa fupi na tambarare. Nakijwa alichutama kila mara kutazama uyoga, jongoo, maji chini ya daraja la mbao. Namsifu hakumharakisha, ingawa kila kona waliyoipita ilimuuma.

Walipotoka, mtoto alimrukia baba yake.

"Kesho twende wote, baba."

Baba alimtazama mkewe. Namsifu akainama, akaanza kumpangusa mtoto matope miguuni, kisha akayaacha.