Keki ya Aliyeharibu

Tyra alipanda ngazi za maabara amekumbatia keki ya nazi, miguu mizito kama mtu aliyeitwa polisi. Pale Kopenhagen sheria yao kila mtu aliijua: ukiharibu kazi, Ijumaa unaleta keki, unasema ulichoharibu, watu wanakula, yanaisha. Lakini hili lake, aliona, keki isingelimaliza.

Profesa Eskild alikuwa anastaafu siku hiyo. Miaka yote amechekwa kwa neno moja: kwamba kimeng'enya chake, kile kinachokata homoni ghafi ya utumbo hadi iwe homoni kamili ya kumwambia mtu ameshiba, kinaweza kufanya kazi bila protini ya kukilea. Wabishi wake walisema bila huyo mlezi hakiwezi kukata hata siagi. Na kila jaribio liliwapa haki wao.

Juzi, Jumatano, lilibaki jaribio la mwisho na tone la mwisho la kimeng'enya, alilolikamua Eskild mwenyewe kutoka utumbo wa nguruwe. Lingine lisingepatikana. Tyra alimwonea huruma. Mzee alipogeuka, akatoa kwenye friza kichupa cha mlezi, chenye lebo mpya, akadondosha kidogo. Jana asubuhi homoni ilikuwa imekatwa safi. Eskild alilia mbele za watu, na Tyra akapiga makofi pamoja nao. Usiku hakulala. Aliona aibu hata kujitazama kwenye kioo.

Alimkuta mzee ameshika kile kichupa cha jaribio, anakifunga kwa safari.

"Jumatatu kinakwenda kwa wale wabishi wakapime wenyewe," alisema. Kisha akaiona keki. "He! Mama, umevunja nini tena siku yangu ya mwisho?"

"Nilitia mlezi humo, mzee. Ni mimi. Nilikuonea huruma."

Uso ulimshuka Eskild, akawa mzee kweli.

"Wangemkuta mlezi humo," alisema taratibu. "Wangeniita mwongo, na wasingekosea."

"Nisamehe."

"Umesema mapema. Afadhali."

Akaenda kwenye sinki, akamimina kichupa chote, akafungulia maji mengi. Halafu akachukua kisu na kumkatia Tyra kipande cha keki, maana sheria ni sheria. Tyra alikula huku machozi yanamtoka, lakini kwa mara ya kwanza tangu juzi kifua kilikuwa chepesi.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Frode, mwenzao wa meza ya jirani, masikio mekundu, naye amebeba keki.

"Jamani, msinicheke," alisema. "Kile kichupa cha mlezi kiliniponyoka Jumatatu, kikavunjika. Niliona haya kusema. Hicho kilichomo kwenye friza ni kingine, nilikijaza maji matupu."