Kaburi la Kona ya Tatu

Kona ya tatu ya uwanja wa mbio za magari, kule Matogoro, inapinda ghafla kukwepa kaburi. Miaka kumi na tano madereva wamelipita wakipiga ishara ya msalaba.

Jana kamati ilimletea Mama Adela jiwe la kaburi.

"Shikamoo mama. Tunaandika historia ya uwanja. Marehemu aliitwa nani?"

Mumewe akatazama pembeni. Pale walifukia nguruwe wao aliyekufa kwa homa, kisha mkewe akadai ni kaburi, barabara isimeze shamba lao la maharage.

Maharage yalikuwa yametoa maua.

"Andikeni Suzana," akasema Mama Adela. Mwenyekiti akavua kofia.

"Hilo jina la mama yangu," mumewe akamnong'oneza. "Na Jumapili anakuja kula."