Nepi ya Kwanza

Wageni walimsifu mtoto wa Semeni kwa kutokuchafua nepi. "Huyu hatakuchosha kufua," walisema, na yeye akacheka nao. Hakujua kwamba hiyo ilikuwa dalili mbaya, mpaka tumbo la mtoto lilipovimba kama ngoma.

"Akiwa tumboni mwako, mama," daktari alimweleza, "mwisho wa utumbo ulitakiwa ushuke hadi ufunguke nje. Wake uliishia njiani." Wakampasua, wakamfungulia njia ya choo tumboni.

Kwa desturi, mama mkwe ndiye hufua nepi za mjukuu mpaka arobaini. Wa Semeni alikuja wodini na beseni lake. Akafunua kitambaa, akaona tundu jekundu karibu na kitovu, akafunika taratibu.

"Kwetu hatuna kitu kama hiki," alisema. Akachukua beseni, akaondoka. Wageni nao wakakoma.

Leo mchana Semeni aliamshwa na harufu. Alimfunua mtoto, akakuta choo cheusi, kizito, kimejaa kwenye nepi aliyomfunga tumboni.

"Jamani, amepata choo!" alisema kwa sauti. Mwanamke wa kitanda cha pili aliziba pua, akageukia ukutani.

Semeni aliazima ndoo, akafua bila haraka. Doa halikutoka lote. Akaianika nepi kwenye kamba ya uani, upande wenye doa ukielekea langoni. Kisha akaketi chini yake na mtoto mapajani, akimtazama kila mwanamke aliyeingia na beseni.