Mstari Mwekundu

Fundi alikanyaga breki, akabonyeza kitufe, kisha akaweka kiganja juu ya dashibodi. Hakikutikisika kitu.

"Limewaka?" aliuliza.

Binti yake, aliyekuwa amesimama nje ya dirisha, alimwonyesha dole gumba. Kazi yake ilikuwa kufundisha udereva, na leo, siku yake ya mapumziko, mwanafunzi alikuwa baba yake mzazi.

"Sheria yangu unaijua," Fundi alisema. "Ndani ya gari hakuna porojo."

"Naijua, baba. Mikono tu."

Sheria hiyo ilianzia gereji. Kwa miaka thelathini na sita Fundi aliweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake juu ya injini, akafumba macho, akataja ugonjwa kabla hajalegeza hata nati moja. Ole wake ambaye angefungua mdomo wakati huo. Aliyetaka spana aliiomba kwa vidole. Binti alikulia humo, akazijua ishara zote kabla ya kujua kusoma.

Mwaka jana Fundi aliifunga gereji. Aliwaambia wateja mgongo umegoma, ingawa wiki hiyohiyo alionekana na mfuko wa saruji begani. Halafu, bila kumshirikisha mtu, akaagiza gari la umeme lililokwishatumika ng'ambo. Majirani walicheka wakasema mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Yeye aliwajibu kwamba injini zimemchosha, anataka kitu kilichotulia kama maji mtungini.

Binti alikuwa na sharti moja. Baba akiendesha salama mpaka shuleni na kurudi, kuanzia Jumatatu atampeleka mjukuu. Akiboronga, ufunguo utakaa kwa binti na mzee atakaa sebuleni. Mjukuu mwenyewe, wa miaka sita, ambaye nyumba nzima ilimwita Kimbelembele, alikuwa dirishani akipunga mikono yote miwili. Fundi alimwona kwa kuchelewa, akampungia. Kwa ajili ya mtoto huyo angeweza kujifunza hata kurusha ndege.

Binti alipanda, akavuta mkanda kifuani, akaweka mkoba mapajani. Wakatoka getini.

Hapo ndipo mstari ulipotokea. Ulikuwa chini kabisa ya kioo kikubwa cha katikati ya dashibodi, mwekundu, ukiwaka na kuzimika. Ndani yake kulikuwa na maandishi ya huko gari lilikotoka, ambayo Fundi hakujua hata yanaanzia kulia au kushoto.

Aliogopa. Gari la petroli lingeumwa, angelijua kwa harufu, kwa moshi, kwa mtikisiko wa usukani. Hili alilikalia tu. Chini ya miguu yao kulikuwa na betri kubwa kama godoro, na juzi tu alikuwa ametazama kwenye simu gari kama hili likiteketea mpaka likabaki mifupa. Alitaka kuuliza. Lakini fundi mzima, aulize taa ya gari lake mwenyewe? Ufunguo ungeondoka palepale. Akajikaza kisabuni, akatazama mbele.

Binti alimwashiria kulia. Alipoinua mguu apunguze mwendo, gari likajizuia lenyewe kama limeshikwa mkia. Binti akaonyesha kwa kiganja kwamba ndivyo lilivyo, aachie taratibu. Jasho jembamba lilikuwa limeanza kumtiririka shingoni.

Kwenye barabara kuu pikipiki ilimchomokea ubavuni, karibu ikwangue kioo cha pembeni. Mwendeshaji wake aligeuka, mdomo wazi, akitikisa ngumi. Fundi alishtuka hadi gari likayumba. Aliporudi kwenye njia yake, aliona binti yake anamtazama yeye, wala hatazami barabara.

Taa zikawasimamisha. Fundi alimgeukia.

"Unaogopa, baba?"

"Nani, mimi?" Alicheka, na kicheko kikamkauka. Betri ilisoma asilimia hamsini na nane. Mstari ulikuwa unawaka na kuzimika, sasa upesi zaidi. Au macho yake tu?

Zilibaki mita mia mbili kufika shuleni. Alizihesabu. Akilini alimwona Kimbelembele kwenye kiti cha nyuma na begi lake, akilalamika kwamba babu anaendesha kama kobe. Kisha akauona moto ukipanda kutoka chini ya kile kiti, na milango ya umeme ikikataa kufunguka.

Mbele ya geti la shule alikanyaga breki kwa nguvu zote.

"Shuka!" alisema. "Shuka haraka, mwanangu, hili gari linaungua!"

Binti hakusogea.

"Huo mstari mwekundu! Umewaka njia nzima, nimeuona, nimenyamaza. Sijui ni nini. Miaka yote hiyo gereji, na sijui." Akausukuma mlango wake wazi. "Chukua ufunguo. Nitakaa nyumbani. Siwezi kumpakia mtoto wa watu kwenye kitu nisichokijua kwa sababu ya ubishi wangu."

Machozi yalimlenga binti. Alimshika baba yake kidevu, taratibu, akamgeuza uso mpaka wakatazamana. Kwa mkono mwingine akausukuma mkoba pembeni. Ncha ya mkanda ilikuwa imelala mapajani pake, haijachomekwa popote.

"Haliungui, baba," alisema polepole, neno baada ya neno. "Ni mkanda wangu. Sikuufunga makusudi. Kengele yake inalia tangu tutoke getini. Inalia mpaka sasa."