Ngazi ya Kinu cha Upepo

Je, umewahi kuona kopo la maziwa ya unga likigeuka mabawa kumi na nane, membamba kama kucha za mtoto?

Damiani, fundi bati wa Utemini, aliyakata moja moja kwa mkasi. Mnara aliusuka kwa spoki za baiskeli. Kilikuwa mfano wa kile kinu cha upepo cha misheni, kilichosaga mtama miaka ya vita vya Hitla. Picha yake haiko popote ila kichwani mwa mama yake, naye vinu viwili vya kwanza alishavikataa. Sasa macho yake yanafifia.

Damiani alikiweka ubaoni, kando ya lori la askari, dogo kama kiberiti.

Mama akapapasa ngazi. Kwenye kidato cha tatu kidole kilikuta nafasi tupu.

"Umekumbuka!"

"Si ulisema babu, baba yako, alikivunja kidato hiki, akipanda kupaka grisi?"

"Mikono hii, we mtoto! Hata upepo umekubali." Kweli, upepo wa mlangoni ulikuwa ukizungusha mabawa taratibu.

Kidole kikahamia kwenye lori, kikapita kichwa kwa kichwa, kikasimama kwa askari wa mwisho.

"Huyu ndiye baba?"

"Ndiye, mama. Siku waliyomchukua kwenda vitani."

Siku hiyo mama alikuwa na miaka sita, na baba yake hakurudi tena.

"Niliona haya kukuambia, mtu mzima mimi," akasema. "Mshushe kwenye lori, Damiani. Mpandishe ngazini."