Simba wa Vyuma Chakavu

Simba alimwagiza Nyegere amtengenezee sanamu yake. Isipotisha, fundi ataliwa.

Nyegere mbishi akaunga springi za gari zikawa mbavu, ekzosi ikawa mkia, taa zikawa macho.

"Haitishi. Fumua!"

Akafumua, akaunda upya mara nne, mpaka kucha zikamwisha.

Mara ya tano akaficha swichi ya honi ya lori kifuani. Simba alipokipiga kofi kifua kuipima sanamu, honi ikanguruma, taa zikamwakia usoni. Akatimka hadi ng'ambo ya mto. Wanyama wakaiketisha sanamu kwenye kiti cha enzi cha Simba.

Wiki iliyofuata akarudi akinyata. "Niondoleeni hilo lichuma!"

"Haiwezekani, mzee," Nyegere akajibu, akikaza nati. "Anatisha kama ulivyotaka, na hajamla hata mmoja wetu."