Uzi Unaoitika

Walinzi wa viota walikuwa na desturi yao: kila alfajiri mkuu wao, Bibi Kwale, aliwapanga mstari akaita majina, na kila mmoja akaitika, "Nipo!" Buibui pekee hakwenda. Alikuwa na mayai yake shimoni, basi akatandaza nyuzi hadi kila kiota, akalinda akiwa kwake.

Alfajiri moja, kabla ya kuita majina, Bibi Kwale akamfuata hukohuko. "Enzi zetu, we mtoto, kazi ilifanywa kwa miguu! Wewe unayo minane, umeikalia! Kesho usipoitika mstarini, nyuzi nazikata na kazi huna."

Maneno yakamtoka Buibui mbio. "Zikate, Bibi, ila siendi, wanangu siwaachi, na kulinda nalinda, tena nyamaza kwanza, uzi wa kiota chako unatikisika, ni Nguchiro huyo, kimbia!"

Bibi Kwale akakimbia, akamkuta Nguchiro ndio kwanza anakumbatia yai, akamdonoa hadi akaliachia. Walinzi wengine walikuwa bado wamesimama mstarini, wakimngoja aite majina.

Alfajiri iliyofuata aliyaita. Alipofikia jina la Buibui, akaugusa kwa ukucha uzi wake uliopita hapo, akasubiri. Uzi ukatikisika mara mbili.

"Yupo," akasema Bibi Kwale, akaita jina lingine.